Utafiti wa usonji wa watoto: mchango wako uupeleke kwa nani?

Kila Aprili simu hujaa mabango ya buluu na namba za kuchangia. Tarehe 2 ya mwezi huo ni Siku ya Usonji Duniani (usonji ni autism, hali ya makuzi ya ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano), iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, na ndugu zetu walioko London, Minneapolis au Muscat hupenda kufanya jambo linalozidi kubadilisha picha ya WhatsApp. Vikundi vya wazazi huchanga, vyama vya jumuiya huchanga, misikiti na makanisa huchanga. Kisha linakuja swali: pesa hizi, kama tumekubaliana ziende kwenye utafiti, tumkabidhi nani?

Nimelinganisha hapa wafadhili watano wa hisani. Wawili ni wa Marekani na wanaishi kwa michango ya watu: Autism Speaks na Autism Science Foundation. Mmoja ni wa Uingereza: Autistica. Wawili wa mwisho ni matajiri waliojitosheleza: Simons Foundation ya New York, na Wellcome ya London, ambayo mkono wake umefika hadi Kilifi. Hawa wawili hawahitaji senti yako, lakini ukiwaacha nje ya hesabu hutaona pengo liko wapi. Nimewapima wote kwa mambo matatu: pesa inatafuta jibu la swali gani, nani anayelichagua swali hilo, na jibu likipatikana litamfikia mtoto yupi.

Utafiti si huduma

Hili liwekwe wazi mapema, kwa sababu mabango mengi hulichanganya. Kama unataka mtoto unayemjua apate nafuu mwezi huu, usipeleke pesa kwenye utafiti. Mlipie ada, mlipie nauli ya kliniki, changia mshahara wa mwalimu msaidizi. Nairobi wapo Autism Society of Kenya, waliozaliwa kutokana na juhudi za wazazi. Dar es Salaam wapo Lukiza Autism Foundation. Hao wanashughulika na familia, na kazi yao inahitaji pesa leo.

Utafiti ni safari ndefu. Ruzuku ikitolewa mwaka huu, majibu yanaweza kuchapishwa baada ya miaka mitatu au mitano, na hata yakichapishwa, huenda yakasema kwamba njia iliyojaribiwa haifai. Hilo nalo ni jibu lenye thamani, maana limewaokoa wazazi wengine na gharama ya bure. Lakini mchangaji anapaswa kujua tangu mwanzo kwamba analipia jibu, na jibu halina ahadi.

Mbona basi tuchangie? Kwa sababu karibu kila kitu ambacho daktari mzuri anamwambia mama leo kilitokana na mtu aliyechangia jana. Chukua swali ambalo kila mzazi mwenye mtoto wa kwanza mwenye usonji hulibeba moyoni: nikizaa tena, itakuwaje? Mwaka 2011 watafiti waliokuwa wakifuatilia wadogo wa watoto wenye usonji, watoto wachanga 664, walionyesha kwamba takriban mmoja kati ya watano naye hupata usonji. Mtandao huo wa kufuatilia wadogo ulisukumwa na mashirika ya wazazi kabla ya kuwa mkubwa. Kabla yake wazazi walikuwa wakiambiwa makadirio ya chini zaidi.

Pesa ndogo iliyotangulia kubwa

Serikali ya Marekani, kupitia taasisi zake za afya za NIH, hutumia zaidi ya dola milioni 200 kwa mwaka kwenye utafiti wa usonji. Ukiangalia kiasi hicho unaweza kudhani harambee haina maana. Historia inasema vingine.

Mwaka 1994 Karen na Eric London, wazazi wa New Jersey, walianzisha National Alliance for Autism Research. Mwaka uliofuata, Los Angeles, Portia Iversen na mumewe Jonathan Shestack wakaanzisha Cure Autism Now. Iversen na Shestack walikuta maabara zikifungia sampuli za damu za familia, kila moja ikilinda zake, na hakuna iliyokuwa na za kutosha kupata jibu peke yake. Wazazi wakaamua kukusanya wenyewe. Wakaunda benki ya vinasaba ya AGRE, wakaweka sharti kwamba mtafiti yeyote mwenye sifa anaweza kuomba kuitumia. Ile alliance ya New Jersey nayo ikaanzisha mpango wa kuhifadhi bongo za watu wenye usonji waliofariki, kwa ridhaa ya familia zao. Serikali isingeanza na mambo hayo mawili. Kamati za serikali hupenda kumpa mtafiti ambaye tayari ana matokeo ya awali. Pesa ya hisani ndiyo inayolipia yale matokeo ya awali, na vifaa vya pamoja ambavyo hakuna chuo kimoja kinachoona ni jukumu lake.

Lakini kujenga hazina ni jambo moja na kuitunza ni jingine. Mwaka 2012 friza moja katika benki ya ubongo ya Hospitali ya McLean, iliyo na uhusiano na Harvard, iliharibika na ving'ora havikulia. Takriban bongo 150 ziliharibika au kuathirika, 54 kati yake za watu waliokuwa na usonji, sawa na theluthi ya mkusanyo mkubwa kuliko yote duniani wa aina hiyo. Kila sampuli ilitoka kwa familia iliyokuwa na msiba na ikakubali kutoa. Naona uchungu kila ninapokumbuka habari hiyo. Baadaye, mwaka 2014, wafadhili walianzisha Autism BrainNet, inayohifadhi katika vituo zaidi ya kimoja. Tangu hapo naona ni haki ya mchangaji kuuliza: mnalipia umeme, matengenezo na mtu wa kukesha, au mnalipia uzinduzi tu?

Autism Speaks na Autism Science Foundation

Haya mawili inafaa kuyasoma pamoja, kwa sababu la pili lilizaliwa kutokana na ugomvi ndani ya la kwanza.

Autism Speaks lilianzishwa mwaka 2005 na Bob na Suzanne Wright baada ya mjukuu wao kugundulika ana usonji. Bob Wright alikuwa mkuu wa kampuni ya televisheni ya NBC Universal, na Bernie Marcus, mmoja wa waanzilishi wa maduka ya Home Depot, alitoa dola milioni 25 za kuanzia. Kwa nguvu hizo likawameza wale waliotangulia: ile alliance ya New Jersey mwaka 2006, Cure Autism Now mwaka 2007. Benki ya vinasaba na mpango wa ubongo vikawa chini yake. Baadaye, pamoja na hospitali ya watoto ya SickKids ya Toronto na kampuni ya Google, likajenga MSSNG, hazina ya vinasaba kamili vya maelfu ya watu wenye usonji na familia zao, inayofunguliwa kwa watafiti wa nchi mbalimbali.

Upande huo linastahili sifa. Na lipo jambo jingine ambalo wengi wanaolisifu na wengi wanaolilaumu hawalitaji, nalo kwetu ni kubwa kuliko MSSNG. Shirika hili lilifadhili jaribio lililofanyika Goa, India, na Rawalpindi, Pakistani, ambalo majibu yake yalitoka mwaka 2016. Watoto 65 walihusishwa. Wazazi walifundishwa namna ya kuwasiliana na mtoto, na waliowafundisha hawakuwa madaktari bingwa. Walikuwa wahudumu wa kawaida wa jamii waliopewa mafunzo na usimamizi. Watoto walianza zaidi wenyewe kuwasiliana na wazazi wao. Halikuwa jibu safi kila upande, kwani kipimo kimoja cha mtoto na mzazi kushiriki jambo pamoja kilishuka, lakini lilionyesha kwamba kazi hii haihitaji kusubiri nchi iwe na wataalamu mia. Kisha shirika likashirikiana na Shirika la Afya Duniani kutengeneza mafunzo ya walezi: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yakiendeshwa na watu wasio mabingwa. Mafunzo hayo yamejaribiwa Kenya na Ethiopia. Mtu wa Kaloleni au Korogwe akiuliza utafiti wa Marekani umemletea nini, hapa pana jibu la kushikika.

Lawama nazo ni za haki. Mwaka 2009 shirika lilitoa filamu fupi iliyousema usonji kama adui anayevunja nyumba na kuharibu ndoa. Watu wenye usonji wenyewe waliumia, na wazazi wengi waliona aibu kwa niaba yao. Mwaka 2013 John Elder Robison, mtu mwenye usonji aliyekuwa kwenye kamati zake za sayansi, alijiuzulu akipinga lugha ya viongozi. Mwaka 2015 shirika liliwaingiza watu wenye usonji kwenye bodi, na mwaka 2016 likaondoa neno la kutafuta tiba katika tamko la dhamira yake. Ni mabadiliko ya kweli, ingawa yalichelewa. Lawama ya pili inahusu pesa: sehemu kubwa ya matumizi ya shirika hilo si utafiti, bali ni uhamasishaji, utetezi na taarifa kwa familia. Hilo si wizi. Ila mtu anayedhani kila dola yake imekwenda maabara amekosea, na anaweza kulithibitisha mwenyewe kwa kusoma Fomu 990, taarifa ya kodi ambayo mashirika ya hisani ya Marekani yanalazimika kuiweka wazi.

Ugomvi niliosema ulihusu chanjo. Kufikia Januari 2009, makala ya daktari wa Uingereza Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji na kujengwa juu ya watoto 12, ilikuwa imeshapingwa na tafiti kubwa, ukiwemo ule wa Denmaki wa mwaka 2002 uliofuatilia zaidi ya watoto 537,000. Alison Singer, kiongozi wa juu wa Autism Speaks na mama wa binti mwenye usonji, aliona kuendelea kutumia pesa kwenye swali lililokwisha kujibiwa ni kuwadhulumu watoto. Akajiuzulu. Mwaka huohuo, yeye na Karen London, yuleyule mama wa New Jersey, wakaanzisha Autism Science Foundation. Mwaka 2010 jarida la The Lancet likaifuta ile makala, na Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Autism Speaks lenyewe mwaka 2015 lilitamka kwamba chanjo hazisababishi usonji.

Foundation hii ni ndogo na haijifanyi kubwa. Kazi yake kuu ni kulipia vijana: wanafunzi wa uzamivu, watafiti wanaoanza baada ya uzamivu, hata wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaofanya utafiti wakati wa likizo. Kuna sababu nzuri ya kupenda njia hiyo. Mtafiti kijana akilipwa miaka miwili ya kwanza kwenye usonji, mara nyingi hubaki huko maisha yake yote, na ruzuku za serikali zitamfuata baadaye. Pesa yako inamnunulia mtu muda wa kuingia kwenye fani, na huyo mtu atafanya kazi muda mrefu baada ya mchango kwisha.

Nikiulizwa kati ya haya mawili kwa mtu anayeishi Marekani na anayetaka mchango wake uende kwenye sayansi tu, nachagua Autism Science Foundation bila kusita. Ungenipa nafasi ya kuielekeza pesa ndani ya Autism Speaks kwenye yale mafunzo ya walezi peke yake, ningefikiri mara mbili. Kwa hiyo ukiamua kuchangia huko, andika barua useme unataka iende wapi, na uombe jibu la maandishi.

Autistica, na swali la nani anayechagua maswali

Uingereza kisa chake ni tofauti. Dame Stephanie Shirley aliletwa London mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi wa Kiyahudi, akakua akaanzisha kampuni ya programu za kompyuta mwaka 1962 iliyoajiri wanawake waliofanya kazi nyumbani. Mwanawe wa pekee, Giles, alikuwa na usonji mzito, akafariki mwaka 1998 akiwa na miaka 35. Sehemu kubwa ya utajiri wake aliitoa kwa ajili ya usonji: makazi, shule, kisha utafiti. Shirika la utafiti alilolianzisha mwaka 2004, ambalo baadaye lilifanya kazi kama tawi la Autism Speaks nchini Uingereza, lilijitenga likawa Autistica mwaka 2010. Yeye mwenyewe alifariki Agosti 2025.

Kinachoitofautisha Autistica ni utaratibu wake wa kuuliza kwanza. Tathmini ya utafiti wa Uingereza iliyotolewa mwaka 2013 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya pesa ilikuwa ikienda kwenye baiolojia na utendaji wa ubongo, na kiasi kidogo mno kwenye huduma na maisha ya kila siku. Watu wenye usonji na wazazi walipoulizwa walitaka mizani hiyo ibadilike. Mwaka 2016, Autistica na washirika wake walikusanya maswali kutoka kwa watu wenye usonji, familia na wataalamu, wakayachambua kwa utaratibu wa James Lind Alliance, unaowakutanisha wagonjwa, familia na wataalamu kupanga vipaumbele vya utafiti, hadi yakabaki kumi. La kwanza halikuwa chanzo cha usonji. Lilikuwa: ni njia zipi zinazoboresha afya ya akili ya watu wenye usonji? Orodha hiyo iligusa pia lugha na mawasiliano, wasiwasi, na namna ya kuwasaidia wazazi.

Mwaka huohuo, kwa kutegemea utafiti wa Uswidi, shirika lilipigia kelele jambo ambalo halikuwa likisemwa: kwamba watu wenye usonji hufa mapema, kwa wastani miaka 16 kabla ya wengine, na wale wenye ulemavu wa akili pamoja na usonji miaka 30, kifafa kikiwa miongoni mwa sababu kubwa. Ukiwa na mtoto wa miaka sita ambaye hushikwa na kifafa usiku, hilo si swali la watu wazima.

Kwa mchangaji aliyeko Uingereza, Autistica ndiyo chaguo langu. Ukilipa kodi huko, utaratibu wa serikali wa Gift Aid unaongeza peni 25 kwa kila pauni, na hesabu za shirika zinasomeka kwenye tovuti ya Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani. Jambo la kuzingatia ni kwamba Autistica inashughulika na umri wote. Ilisaidia utafiti wa BASIS wa Chuo cha Birkbeck, unaofuatilia wadogo wa watoto wenye usonji tangu uchanga, lakini miradi yake mingine, kama uchunguzi wa afya wa kila mwaka, ni ya watu wazima. Kama kikundi chenu kimeapa kwamba pesa ni za watoto tu, semeni mapema.

Wawili wasiohitaji pesa yako

Simons Foundation na Wellcome zinafanana na wakfu tunaoujua pwani: zina mali yao iliyowekezwa, na matumizi yanatoka humo. Wellcome ilianzishwa mwaka 1936 kwa wosia wa Sir Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa, na leo ina mtaji unaozidi pauni bilioni 30. Simons ilianzishwa mwaka 1994 na Jim na Marilyn Simons. Jim, aliyefariki mwaka 2024, alikuwa mwanahisabati aliyetajirika katika uwekezaji.

Simons imeweka nguvu zake kwenye vinasaba. Mkusanyo wake wa familia takriban 2,600, zenye mtoto mmoja tu mwenye usonji, ndio uliowezesha mwaka 2012 kuthibitishwa kwamba mabadiliko mapya ya vinasaba, ambayo baba na mama hawana, huchangia usonji wa baadhi ya watoto. Jeni kama SCN2A na CHD8 zilitambuliwa wakati huo, na kufikia mwaka 2020 orodha ilipita 100. Kwa familia fulani hilo lina maana kubwa: mtoto mwenye mabadiliko ya SCN2A anaweza kuwa na kifafa ambacho uchaguzi wa dawa yake unategemea kujua jeni hiyo.

Mtu wa Marekani hawezi kuiongezea Simons kitu kwa dola ishirini, ila anaweza kuipa kitu inachokikosa. Mradi wake wa SPARK, ulioanza mwaka 2016, umekwisha kusajili zaidi ya watu 100,000 wenye usonji pamoja na ndugu zao, na familia zenye asili ya Afrika ni chache humo. Kusajiliwa ni bure kwa wakazi wa Marekani, na sampuli ni mate yanayotumwa kwa posta. Kwa Mmombasa au Mkongo anayelea mtoto mwenye usonji huko Ohio au Texas, naamini mate hayo yana uzito kuliko mchango wa pesa. Soma fomu ya ridhaa kwa utulivu kwanza: taarifa zitatumiwa na watafiti wengi waliopewa kibali, na una haki ya kujitoa.

Wellcome ndiyo inayobeba, pamoja na KEMRI (taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa tiba), kituo cha utafiti cha Kilifi kilichoanza mwaka 1989. Kituo kilijulikana kwa malaria, lakini kutokana na malaria kali inayoathiri ubongo, Profesa Charles Newton na wenzake walianza kufuatilia kifafa na makuzi ya watoto, na huko ndiko usonji ulikoingia. Utafiti wa Joseph Gona na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, uliwasikiliza wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa. Walitaja pepo, uchawi na laana, wakataja pia matatizo ya uzazi, maambukizi na urithi, na tiba iliyotafutwa ilikuwa ya hospitali na ya mganga pia. Nani mwingine angeuliza maswali hayo kwa Kigiriama na Kiswahili? Kilifi pia ni moja ya vituo viwili vya mradi wa NeuroDev, kingine kikiwa Cape Town, unaochunguza vinasaba vya watoto wa Afrika wenye matatizo ya makuzi ya ubongo, kwa ushirikiano na Taasisi ya Broad ya Marekani.

Pengo la kwetu

Mwaka 2006 kilichapishwa kisa cha watoto 20 wa Tanzania waliochunguzwa kwa makini. 14 walionekana kuwa na usonji, na watatu kati yao dalili zilianza mara tu baada ya malaria kali. Watoto watatu hawathibitishi kitu. Wanazua swali, na swali hilo haliwezi kujibiwa New Jersey. Nchi zenye pesa za utafiti hazina malaria, na nchi zenye malaria hazina pesa. Hapo ndipo mchango wa Mswahili, aliye nyumbani au ughaibuni, unaweza kufanya ambalo wengine hawataliwazia.

Vivyo hivyo kwa vipimo. Vipimo mashuhuri vya usonji vinauzwa ghali na vinahitaji mafunzo ya gharama. Vilitungwa kwa watoto wanaofahamu keki ya siku ya kuzaliwa na midoli ya madukani, na wanaotegemewa kumtazama mtu mzima machoni, jambo ambalo mtoto wetu aliyelelewa kwa heshima huenda asilifanye. Kurekebisha kipimo kwa Kiswahili na kukijaribu ni kazi ya mwanafunzi wa uzamili mwenye msimamizi mzuri. Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, chini ya Profesa Amina Abubakar aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, ni mahali ambapo kazi za namna hii zina mwenyewe.

Fikirieni hesabu. Kikundi cha watu 100 wanaotoa pauni 10 kwa mwezi kinafikisha pauni 12,000 kwa mwaka. Zikipitia shirika la hisani lililosajiliwa Uingereza, Gift Aid inazifanya 15,000. Ndani ya shirika kubwa la Marekani pesa hiyo inapotea kwenye jumla. Nairobi au Dar es Salaam inaweza kubeba ada ya mwanafunzi, nauli za wazazi wanaoleta watoto kupimwa, na posho ya wahudumu wa jamii.

Kwa wanaouliza kuhusu zaka: Suratut-Tawba, aya ya 60, imetaja makundi manane, na kama utafiti unaingia humo ni jambo la kumuuliza shekhe wako. Sadaka haina kizuizi hicho.

Wa kuwakwepa

Anayekuomba mchango wa utafiti huku anauza tiba, mkatae. Wapo waliochangisha kwa ajili ya sindano za seli shina, dawa za kuondoa madini mwilini, hata maji ya kemikali ya kupaushia nguo yanayonyweshwa watoto. Mwaka 2005, huko Pennsylvania, mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alifariki akiwekewa dawa ya kuondoa madini kwenye mshipa. Mtafiti wa kweli atakuonyesha kibali cha kamati ya maadili, atakueleza nani anasimamia, na atakubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana. Muuzaji atakuonyesha video ya mtoto aliyepona.

Ningechagua hivi

Uko Uingereza na unatoa peke yako: Autistica, kwa makato ya kila mwezi, na ujaze fomu ya Gift Aid. Uko Marekani na unatoa peke yako: Autism Science Foundation, na uulize kazini kama mwajiri huongezea michango ya wafanyakazi, maana kampuni nyingi huongeza dola kwa dola. Una mtoto mwenye usonji Marekani: soma kuhusu SPARK kabla hujatoa hata senti. Uko Kenya au Tanzania: usitume M-Pesa ipitie kubadilishwa kuwa dola na makato ya njiani ili ifike New York, tafuta mradi wa nyumbani, na kama hamna unaouamini, lipia huduma.

Mkiwa kikundi, popote mlipo, ningewasihi pesa ziende kwenye utafiti unaofanyika Afrika Mashariki, na muiandikie taasisi barua kabla ya kutuma chochote. Ulizeni mambo haya: mchango unaweza kufungwa kwa kazi moja tu? Chuo kinakata asilimia ngapi za uendeshaji? Msimamizi ni nani, na kibali cha maadili kimetolewa na kamati gani? Watu wenye usonji au wazazi wao walishirikishwa katika kupanga? Matokeo yatarudishwa kwa familia kwa lugha wanayoizungumza, na lini? Taasisi inayojibu maswali hayo kwa maandishi ipeni mwaka wa kwanza, msubiri taarifa, kisha mpange wa pili.